Usimpe buibui jina kabla hujamwangalia macho

Mvua zikianza tu huku Kigoma, makundi ya WhatsApp yanajaa picha za buibui. Mtu kamkuta nyuma ya pazia, au chini ya kiti cha plastiki barazani, au ndani ya buti la shamba, anapiga picha mkono unatetemeka, anatuma, na swali ni lile lile, jamani huyu ana sumu? Dakika mbili hazipiti majibu yashaanza kumiminika, mmoja anasema ua haraka, mwingine kaingia Google katoka na buibui wa Australia, mwingine kampitisha kwenye programu ya simu na programu ikamjibu bila wasiwasi wowote kwamba ni spishi fulani ya Ulaya. Ukiangalia vizuri wote wameangalia kitu kimoja tu, rangi na michoro ya mgongoni. Wakati mtu anayewajua buibui hicho anakiacha mpaka mwisho.

Tuelewane kwanza kwa nini. Mpaka leo duniani zimeshaelezwa kisayansi spishi zaidi ya 50,000 za buibui, idadi hiyo ilivukwa mwaka 2022, na zimepangwa kwenye familia zaidi ya 130. Sasa wewe unakuja na "kahawia, ana mistari miwili myeusi". Wa namna hiyo wako maelfu, na wengi hata undugu hawana. Kwa hiyo kazi yenyewe inaendaje? Unaanza na familia, yaani ukoo mkubwa, ukishaipata unatafuta jenasi, kundi dogo ndani ya familia, na ukijaliwa ndo unafika kwenye spishi, aina yenyewe, na kila ngazi ina ushahidi wake, ushahidi wa ngazi ya juu ukiuruka ule wa chini unakudanganya. Michoro ya mgongoni ni ushahidi wa ngazi ya chini kabisa, inafaa pale ambapo umeshajua familia na umeshajua uko sehemu gani ya dunia.

Na kabla ya hapo kuna swali ambalo watu wanaliruka, huyo ni buibui kweli? Kupe ana miguu minane, papasi ana miguu minane, na watu wa Tabora papasi hawahitaji kufundishwa na mtu, homa yake wanaijua, lakini mwili wake ni mfuko mmoja tu. Buibui mwili wake una vipande viwili, mbele kichwa na kifua vimeungana, nyuma tumbo, na katikati kuna kiuno chembamba sana. Halafu kuna yule mdudu bapa anayetisha wa kwenye mapango na nyuma ya magogo, miguu ya mbele mirefu myembamba anaitumia kupapasia, wa jenasi Damon, huyo watu wanamkimbia kishenzi wakati hana sumu yoyote na wala sio buibui, hatoi hata uzi. Na kuna yule wa manyoya anayekimbia kama kafukuzwa usiku sehemu kavu kavu, unamhesabia miguu kumi kwa sababu viungo vyake vya kupapasia ni virefu, huyo naye ni ukoo mwingine kabisa.

Haya, macho.

Buibui wengi wana macho manane, wachache wana sita, na namna yalivyopangwa usoni ndo kitambulisho chenyewe cha familia. Rangi inabadilika, mpangilio wa macho haubadiliki, mtoto anao huo huo na mkubwa anao huo huo. Mchukue yule mdogo anayerukaruka ukutani mchana, ukimsogezea kidole anageuka anakukazia macho, yaani unahisi kabisa anakuangalia. Ni kweli anakuangalia. Mbele ana macho mawili makubwa kupita yote, mengine madogo yako pembeni na juu ya kichwa. Ukiona sura hiyo umemaliza familia, ni Salticidae, warukaji, familia kubwa kuliko zote za buibui duniani, ina spishi zaidi ya 6,000. Hukuhitaji hata kujua ana rangi gani.

Anayekimbia chini kwenye mchanga na majani makavu, hana utando, mara nyingi ni Lycosidae, buibui mbwamwitu. Macho yake yana safu tatu, chini manne madogo kwenye mstari, juu yake mawili makubwa yanaangalia mbele, na mawili mengine yako nyuma zaidi juu ya kichwa. Hawa usiku ni rahisi mno kuwapata. Vaa tochi ya kichwani, au shika tochi pembeni kabisa ya jicho lako, sio chini kiunoni, tembea taratibu ufukweni kule Ujiji au kwenye shamba lililovunwa, utaona vinukta vya kijani kibichi vinawaka kwenye majani. Wengi wanadhani ni umande. Umande unametameta mweupe na unahama ukisogea, kile cha kijani kinabaki pale pale kinakuangalia, maana nyuma ya yale macho kuna tabaka linalorudisha mwanga kule kule ulikotoka, ndo maana tochi lazima iwe karibu na jicho lako la sivyo huoni kitu. Ukishaona kwa mara ya kwanza hutaamini wako wengi kiasi gani.

Yule mkubwa wa kwenye nyumba, miguu imetanuka anabana na ukuta, anapita nyuma ya fremu ya picha na ya kabati, ana macho manane kwenye safu mbili, manne na manne. Hiyo ni Sparassidae. Sasa kuna mwingine wa kwenye kuta na magome, bapa kupita kiasi, anaingia ufa ambao hata sarafu haipiti, watu wanawachanganya hawa wawili kila siku, lakini yule bapa ukimwangalia usoni safu ya mbele ina macho sita, na mawili yaliyobaki yako nyuma yake kidogo. Selenopidae. Tofauti yao ni hesabu tu, manne au sita, huhitaji digrii.

Na wale wa macho sita kwa jumla, yaani jozi tatu zilizoachana, hapo tulia kidogo. Wapo wanaotema gundi, Scytodes, kichwa kimevimba kwa nyuma kwa sababu ndani kuna tezi za hiyo gundi, miguu myembamba, anatembea polepole ndani ya nyumba na hana shida na mtu. Wapo pia wa jenasi Loxosceles, nao wana jozi tatu, na hao sumu yao inaweza kuozesha nyama pale walipouma. Wote wawili wana madoadoa ya kahawia, wote wanakaa ndani, ukienda kwa rangi tu utawachanganya, lakini Scytodes kwa ubavuni anaonekana kapandisha kichwa juu na Loxosceles kwa ubavuni ni bapa. Kwa hiyo picha ya ubavuni ina kazi yake, tutairudia.

Kitu kingine kinachosaidia sana ambacho vitabu vingi vinakitaja kwa sentensi moja tu halafu vinapita ni mfuko wa mayai. Mimi naona ungepewa sura nzima. Angalia, jike la Lycosidae anabeba mfuko wake wa mviringo umeunganishwa nyuma kabisa kwenye vitoa uzi, anakimbia nao hivyo hivyo, na watoto wakitoka wanapanda mgongoni kwake wanajazana mpaka humwoni mama. Wale wa jamii ya Pisauridae wanabeba mfuko mdomoni chini ya kifua. Wale wembamba wa miguu mirefu wa pembe za dari, Pholcidae, ukimgusa anajitikisa mpaka anaonekana ukungu, nao wanabeba mayai mdomoni lakini yamefungwa kwa nyuzi chache mno, unayahesabu. Yule mkubwa wa ukutani, Heteropoda wa ile familia ya Sparassidae, anabeba kisahani bapa cheupe chini ya tumbo. Maana yake ukimwona buibui yeyote na mzigo, piga picha ya mzigo kwanza.

Utando pia unaongea, hata kama mwenyewe kajificha. Kwenye mabaraza ya nyumba za zamani kuna utando mkubwa uliosimama, lakini ule wa mviringo haujakamilika, kitovu chake kimesogezwa juu karibu kabisa na ukuta au boriti, na hapo juu kuna mrija wa uzi mzito unaoingia kwenye kona. Mchana utando unaonekana hauna mtu. Chungulia kwenye mrija utaona miguu yenye mabaka mabaka imekunjwa. Huyo ni Nephilingis cruentata, yupo sehemu nyingi za Afrika ya kitropiki, anapenda kuta za watu, na jike akigeuzwa tumboni, pale kifuani katikati ya miguu, ana bamba jekundu au la rangi ya machungwa. Sasa hiyo ndo alama ya kweli, iko chini na sio mgongoni, na ndo hiyo haionekani kwenye picha yoyote inayotumwa kwenye kundi kwa sababu hakuna anayethubutu kumpiga picha kutoka chini.

Ukienda nje kwenye vichaka kuna ndugu zake wenye uzi wa njano unaong'aa juani, utando upana wa mita, wale wa jenasi Trichonephila, jike mkubwa, dume mdogo kiasi kwamba watu wanadhani ni mtoto wake au ni nzi aliyenasa. Na kuna Argiope, anakaa katikati ya utando kichwa chini, miguu kaipanga miwili miwili inafanya herufi X, na mara nyingi kashona zigizaga nyeupe nene katikati. Mkao ule tu unatosha kukupa jenasi ukiwa mita tatu. Kando ya maji, Malagarasi na kingo za ziwa zenye matete, kuna Tetragnatha wamejinyoosha kwenye jani mpaka huwaoni, meno marefu kupita mwili unavyotaka, tandabui zao zimelala juu ya maji. Na kwenye magome ya miti ya miombo kule Sikonge au Urambo kuna Hersilia, huyo huwezi kumkosea, vitoa uzi vyake viwili ni virefu vimechomoza nyuma vinaonekana mikia. Rangi yake ni rangi ya gome lenyewe, ukisema umtafute kwa rangi utakaa hapo mpaka jua lizame.

Sasa twende kwenye michoro yenyewe maana sio kwamba haina kazi kabisa.

Ipo michoro michache inayoaminika, na inaaminika kwa sababu inaenda pamoja na vitu vingine. Mfano mzuri ni yule ambaye kila mtu anamwogopa, jamii ya mjane mweusi. Ambaye kwa uhalisia unakutana naye zaidi majumbani ni Latrodectus geometricus, na huyu sio lazima awe mweusi, anaweza kuwa wa rangi ya mchanga, kahawia, kijivu, mpaka karibu na weusi, mgongoni ana madoa na mistari ya kupinda, miguu ina pingili nyeusi na nyepesi. Ukimtafuta kwa kigezo cha "mweusi anayeng'aa" utampita hapo hapo. Alama yake iko chini ya tumbo, pembetatu mbili zimekutana ncha kwa ncha, rangi ya machungwa au nyekundu. Kwa bahati yeye anakaa kichwa chini miguu juu kwenye utando wake kwa hiyo tumbo linakuangalia wewe. Utando wenyewe hauna mpangilio wowote, nyuzi zimeenda kila upande chini ya kiti, chini ya meza, kwenye tundu la tofali, ukipitisha kijiti zinakatika kwa sauti, trr trr, ni nyuzi ngumu kuliko za wale wa darini. Na uthibitisho ambao hauna mjadala ni mifuko ya mayai, vidonge vya rangi ya krimu vyenye vimiba mwili mzima. Ukikuta vidonge vya miba chini ya kiti, hata mwenye nyumba awe kaondoka, umeshajua aliyekuwa anaishi hapo. Usimshike, anauma akibanwa na inauma kweli, ingawa sumu ya huyu kwa watu wengi inaishia kwenye maumivu ya pale pale tofauti na ya ndugu zake weusi.

Heteropoda venatoria naye ana alama ya kuaminika, mstari mpauko uliokatisha usoni chini kidogo ya macho, unaonekana sharubu nyeupe. Huyu asili yake ni Asia ya kitropiki, kasambaa dunia nzima ya joto kwa meli na mikungu ya ndizi. Na wale wenye mgongo mgumu wa rangi kali na miba pembeni, Gasteracantha, umbo lile linakupa jenasi palepale, ila usijitape na spishi kwa sababu rangi zao zinacheza, spishi moja inaweza kuwa na nyekundu, njano na nyeupe.

Na hapo ndo tunaingia kwenye uongo wa rangi. Buibui kaa wa kwenye maua, Thomisus, jike anaweza kutoka mweupe akawa wa njano ndani ya siku kadhaa kufuatana na ua alilokalia, kwa hiyo picha ya Jumatatu na ya Ijumaa zinaweza kuonekana buibui wawili. Menemerus bivittatus, mrukaji wa kijivu ambaye yupo kwenye kuta za nusu ya nyumba unazozijua, jike ana mistari miwili myeusi imepita pembeni ya mwili, dume mstari wake mweusi uko katikati na pembeni ni weupe, mtu akiwaona wote kwenye ukuta mmoja anaapa ni aina mbili. Mtoto wa buibui anajivua gamba mara kadhaa kabla hajakua na karibu kila mara anatoka na sura tofauti kidogo. Aliyetoka kujivua ni mpauko, aliyezeeka manyoya yamekwanguka na michoro imekwenda nayo. Na wapo warukaji wa jenasi Myrmarachne ambao wamejigeuza sisimizi kabisa, mwili umebanwa unaonekana vipande vitatu, miguu ya mbele wameinua wanaitikisa iwe antena za sisimizi, wanatembea katikati ya majimoto na hakuna anayewashtukia. Mpaka umhesabu miguu.

Lakini mfano ninaoupenda ni Pterinochilus murinus, yule buibui mkubwa wa manyoya anayechimba shimo na kulizungushia uzi mlangoni. Reginald Pocock alimwelezea mwaka 1897. Tanzania tunaye, na ana sura za kijivu cha mchanga, ana sura za giza, na ana sura ya rangi ya machungwa iliyoiva ambayo wafugaji wa Ulaya na Marekani wanainunua kwa kuipenda rangi. Zote ni spishi moja. Weka picha tatu mezani mpe mtu asiyejua, atakupangia mafungu matatu na atakuwa na sababu za kutosha kabisa.

Sasa vitabu na miongozo. Kuna miongozo ya aina mbili na watu hawatofautishi. Ya kwanza ni ya picha, unafungua unalinganisha, inafurahisha, na kwa Afrika mingi imeandikiwa Afrika Kusini. Ukiitumia Kasulu utapata jenasi sahihi mara nyingi, spishi ni bahati nasibu, kwa sababu mwandishi aliweka zinazopatikana kwao. Aina ya pili ni ufunguo, hauna picha nyingi, una maswali ya matawi mawili. Macho sita au manane? Manane, nenda swali la 14. Kucha mbili mguuni au tatu? Mbili, nenda la 30. Unaendelea hivyo mpaka unatua kwenye jina. Ansie Dippenaar-Schoeman na Rudy Jocqué walitoa ufunguo wa namna hiyo kwa ajili ya Afrika mwaka 1997, na haujiiti wa spishi na wala haukusudii. Ufunguo una ukatili wake, ukijibu vibaya swali la tatu basi mengine yote unayojibu vizuri yanakupeleka kubaya zaidi, na mwishoni unatua kwenye jina lenye maelezo hayafanani na mnyama aliye mbele yako. Ukiona hivyo usilazimishe, rudi nyuma mpaka pale ulipojibu kwa kubahatisha, huwa unapakumbuka.

Kwa nini wasimalizie tu spishi? Kwa sababu spishi nyingi zinatenganishwa kwa viungo vya uzazi, na hivyo vinaangaliwa kwa hadubini. Dume aliyekomaa ana vipapasio viwili mbele ya uso vyenye ncha zilizovimba, unaviona hata kwa macho, utadhani kavaa glavu za ngumi, ndani ya hizo ncha kuna vifaa vidogo vya kubebea mbegu na kila spishi ina muundo wake. Jike aliyekomaa ana bamba gumu chini ya tumbo karibu na kiuno, nalo lina muundo wake. Mtoto hana kimoja wala kingine. Kwa hiyo mtu akikutumia picha ya buibui mchanga akataka jina kamili, hata ukimwita bingwa gani wa Ulaya atakwambia familia, pengine jenasi, na hapo sio kwamba anaficha kitu.

Kwa huku magharibi kuna ugumu wa ziada. Spishi nyingi za Afrika Mashariki zilielezwa miaka ya 1890 mpaka 1920 hivi na watu waliokuwa wanaletewa vielelezo kwenye chupa wakiwa Berlin, London au Geneva, mfano Embrik Strand na Roger de Lessert, wameandika kwa Kijerumani, Kifaransa, na vipande vya Kilatini, maelezo mengine hayana hata mchoro mmoja. Na rangi waliyoieleza ni ya mnyama aliyekaa kwenye spiriti, ambayo inafuta kijani na nyekundu, so wewe unayemwona mzima juu ya jani la mchikichi unalinganisha na maiti iliyopauka. Sokwe wa Gombe wana majina ya mmoja mmoja tangu Jane Goodall alivyofika 1960, mpaka ukoo wao unajulikana nani mama wa nani, ila buibui waliotanda juu ya njia hiyo hiyo ya kwenda kuwaona wageni wanawapangusa usoni tu.

Kingine kinachochanganya ni majina kuhama. Kitabu cha zamani kitakwambia Nephila senegalensis, cha sasa kinasema Trichonephila senegalensis, na sio buibui wawili. Mwaka 2019 Matjaž Kuntner na wenzake walipanga upya ule ukoo wakatoa wengi kwenye Nephila. Yule wa barazani naye kabla hajawa Nephilingis aliitwa Nephilengys, alihamishwa 2013. Ipo namna rahisi ya kujua kama jina limehama, angalia mabano. Ukikuta Nephilingis cruentata (Fabricius, 1775), yale mabano yanakwambia Fabricius ndiye aliyemwelezea mwaka huo lakini alimweka kwenye jenasi nyingine. Ukikuta Latrodectus geometricus C. L. Koch, 1841, hakuna mabano, maana yake tangu 1841 hajahama. Ukitaka kujua jina la leo ni lipi ingia World Spider Catalog, inatunzwa na makumbusho ya Bern, Uswisi, ni bure, andika jina la pili tu, lile la spishi, maana mara nyingi ndo linalobaki pale la kwanza likibadilishwa.

Programu za simu nazo, sizipondi. iNaturalist kwa mfano inakusaidia kufika familia haraka na kuna binadamu wanapitia nyuma yake wanarekebisha. Shida ni kwamba mashine imefundishwa kwa picha zilizopo, na picha nyingi ni za Marekani na Ulaya, kwa hiyo ikikosa wa kwetu inakupa anayefanana naye wa kwao. Dawa yake ni ndogo, ikikupa jina fungua ramani ya mahali anapoishi. Kama nukta zote ziko Hispania na Italia na wewe uko Kibondo, jina hilo achana nalo ila jenasi yake ibakize kwanza uichunguze. Isipokuwa wale wasafiri wa kwenye nyumba, Heteropoda, Menemerus na huyo Latrodectus wa kahawia, hao ramani zao zimeenea dunia nzima na ni kweli.

Na hili la mkojo wa buibui niliseme nipite. Mtu anaamka ana mstari wa malengelenge shingoni, anaambiwa kakojolewa na buibui. Buibui kinyesi chake ni uji mweupe kidogo, hauunguzi mtu. Malengelenge yale mara nyingi ni ya mdudu mwembamba mwekundu na mweusi wa jenasi Paederus anayefuata taa msimu wa mvua, ukimponda kwenye ngozi maji yake ndo yanaunguza. Au ni mkanda wa jeshi, na huo unataka hospitali mapema, sio kuanza kusaka buibui chini ya godoro.

Basi ukimpata, piga hivi. Juu moja, lakini moja tu, usitume tisa zote za mgongo. Usoni, usogee uwezavyo, flashi izime isije ikafuta macho, weka tochi pembeni. Ubavuni. Na chini, akiwa kwenye utando unapitia upande wa pili, akiwa ukutani mfunike na glasi safi, telezesha karatasi ngumu, kisha inua upige kupitia kwenye kioo halafu mwachie nje. Weka rula au sarafu karibu. Utando upige wenyewe kabla hujaugusa, na mayai kama yapo. Andika tarehe, saa, na mahali kwa kueleweka, "Kigoma" haitoshi, andika ni Kibirizi ndani ya stoo au ni Uvinza kwenye shina la mninga urefu wa kifua, kwa sababu anayekaa ndani ya stoo na anayekaa kwenye mninga ni nadra kuwa mmoja. Ukishindwa kufika spishi andika jenasi halafu "sp." mbele yake, mfano Olios sp., wataalamu wenyewe wanaandika hivyo kila siku. Ndani ya hifadhi, iwe Gombe au Mahale, ni picha tu, usiokote kitu. Ila ukimkuta kafa mwenyewe nyumbani kwako, mweke kwenye kichupa na spiriti ya asilimia 70, ile ya duka la dawa, uingize na kikaratasi cha maelezo humo humo ndani, na ukiandike kwa penseli, wino wa peni unayeyuka wote siku ya pili unabaki na buibui asiye na anwani.